Wanaoijua Chai Kabla ya Kuisoma

Katika Jiografia ya sekondari kuna mada ya kilimo cha majani chai nchini Kenya. Mwanafunzi hutakiwa kueleza hali ya hewa na udongo unaolifaa zao hilo, kisha ataje hatua ambazo jani hupitia kiwandani: kunyaushwa, kukatwakatwa, kuchachushwa, kukaushwa, kuchambuliwa. Kericho hutajwa hapo kama mfano. Wanafunzi wangu hawakuhitaji mfano. Shule yetu ya kutwa ipo kati ya Litein ya Kericho na Mogogosiek ya Bomet, na ukisimama langoni unaona majani chai hadi macho yachoke. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuchuma kabla ya kuvaa sare. Walikuwa wamepanga foleni kwenye kituo cha kununulia majani, karani akipima na kuandika. Walijua mvua ya mawe inavyoweza kuliharibu shamba zima alasiri moja, na walijua kwamba bonasi ya majani ikija ndogo kuna ndugu atakayekaa nyumbani akisubiri karo. Lakini mada hiyo ilipokuja kwenye mtihani, kwa Kiingereza, karatasi nyingi zilirudi na mistari mitupu.

Jambo hilo limenisumbua, na limenifundisha kuliko chuo chochote. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi, na nimefikia kuamini kwamba mwanafunzi anayenyamaza darasani mara nyingi analo jibu. Analo katika lugha nyingine. Kumjengea njia ya kulitoa ni kazi ya kila mwalimu anayeingia darasani mwake, awe wa Kiingereza, wa Baiolojia au wa Hesabu.

Nayasema haya nikiwa mtoto wa wachumaji. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaajiriwa katika shamba kubwa la kampuni upande wa Kericho, na huko ndiko nilikozaliwa. Ndani ya nyumba tulisema Ekegusii. Kwenye bomba la maji tulisema Kiswahili pamoja na watoto wa Kijaluo, wa Kiluhya na wa Kikipsigis, kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania ndoo. Kiingereza kilikuwa cha mwalimu na cha meneja. Nilipokuja kufundisha upande wa mashamba madogo ya wenyeji, nilikuta hali nyingine kabisa. Huko Kikipsigis kinatosha toka asubuhi hadi usiku: jikoni, shambani, kanisani, na kwenye redio ya Kass au Chamgei. Kiswahili husikika mjini. Kiingereza husikika shuleni tu, tena kutoka kwenye kinywa cha mwalimu mmoja anayesema mbele ya watoto hamsini au sitini walionyamaza.

Sera ya nchi inaijua hali hii, angalau kwenye maandishi. Tume ya elimu ya Ominde mwaka 1964 iliegemea Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikairudisha lugha ya mazingira ya mtoto kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha Kiingereza kichukue nafasi kuanzia darasa la nne. Hebu fikiria mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akijifunza Kiingereza kama somo moja la asubuhi, ghafla anatakiwa akitumie kuielewa sayansi, hesabu na historia. Wachache huvuka. Wengi hujifunza kukariri, na kukariri humfikisha mtoto mbali kidogo, hadi siku swali linapogeuzwa.

Zamani wengi wa watoto hao hawakufika kwetu. Elimu ya bure ya shule za kutwa iliyoanza mwaka 2008 iliwapunguzia wazazi mzigo, na kuanzia 2018 serikali ikaamuru kila aliyefanya mtihani wa darasa la nane aingie sekondari. Niliupenda uamuzi huo na ninaupenda hadi leo. Msichana ambaye angebaki nyumbani akichuma kwa ujira wa kilo alikuja kuketi mbele yangu. Ila alikuja na alama ambazo shule za bweni hazingezitazama, na hakuna aliyetuambia tufanye nini na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesoma sentensi ya Kiingereza kwa kuifuata kidole, neno baada ya neno.

Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alitofautisha mwishoni mwa miaka ya 1970 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza mwanafunzi huipata upesi, mwaka mmoja au miwili. Ya pili huchukua miaka mitano au zaidi, hata pale ambapo mtoto amezungukwa na Kiingereza kila upande. Wetu hawajazungukwa nacho. Ndiyo maana ninasikitika ninapomsikia mwalimu akisema mbele ya wazazi kwamba darasa fulani ni zito. Darasa hilo limepewa miaka minne ya kujifunza lugha, na katika miaka hiyohiyo linapimwa kana kwamba lilizaliwa nayo.

Nitaeleza tukio moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililobadilisha kazi katika shule yetu. Mwalimu wa Baiolojia aliingia chumba cha walimu na rundo la karatasi za kidato cha nne. Swali lilitaka maelezo ya sababu ya mmea kutoa matawi mengi baada ya kupogolewa. Darasa karibu lote lilikuwa limeliruka. Alikuwa na uchungu wa haki, maana somo hilo la homoni za mimea alilifundisha vizuri, nami nilikuwa nimelisikia nikipita nje ya dirisha. Tukamwita mvulana mmoja wa Konoin ambaye baba yake ana shamba la majani chai, mtoto mpole ambaye sikumbuki kama aliwahi kuinua mkono. Nikamuuliza kwa Kiswahili: baba yako hupogoa lini, na kwa nini?

Aliongea kwa muda mrefu. Alisema hupogoa kila baada ya miaka mitatu au minne, mti ukishapanda juu ya kiuno na majani yakaanza kuwa machache na magumu. Alisema kichipukizi cha juu ndicho kinachotawala, na kikiwepo vile vya kando hulala. Ukikiondoa, vya kando huamka vyote kwa pamoja, na mti hutanuka kama meza. Alisema hata kuchuma kwenyewe, majani mawili na kichipukizi, ni kupogoa kidogo kidogo, ndiyo sababu mti unaochumwa vizuri huzidi kuzaa. Alituonyesha kwa mikono jinsi kisu kinavyolazwa ili maji ya mvua yasituame kwenye jeraha.

Mwalimu wa Baiolojia alinitazama. Mtoto alikuwa ametoa jibu lote isipokuwa jina la homoni, oksini, ambayo hutengenezwa kwenye ncha na huzuia vichipukizi vya kando visikue. Jina hilo alikuwa amelikariri. Halikuwa limekutana na shamba la baba yake. Alichokosa zaidi ni sentensi. Hakujua Kiingereza kinavyofunga sababu na tokeo katika mstari mmoja: kitu fulani kikiondolewa, kitu fulani hukoma, na kwa hiyo kitu fulani hutokea. Tuliiandika sentensi hiyo pale pale, ikiwa na nafasi tatu tupu, naye akazijaza. Kisha tukampa swali jingine lisilohusu mimea kabisa, la mnyama anayetoa jasho kwenye joto, akalijibu kwa kiunzi hichohicho.

Baada ya hapo tulikubaliana, mwenzangu na mimi, tufanye kazi pamoja. Alinipa kila wiki maneno na aina za sentensi ambazo somo lake lingehitaji, nami nikazifundisha ndani ya vipindi vya Kiingereza badala ya sentensi za kubuni za kitabu cha sarufi. Mwalimu wa Jiografia akajiunga, halafu wa Historia. Mwalimu wa Hesabu alikataa mwanzoni, akisema namba hazina lugha, mpaka alipogundua kwamba wanafunzi wake hufanya vizuri kwenye hesabu tupu na kuanguka kwenye hesabu zinazosimulia mtu aliyenunua na kuuza.

Tulianza na vitenzi vya mtihani. Mwanafunzi anayeambiwa "state" anatakiwa ataje tu, kwa ufupi. Akiambiwa "describe" aeleze kitu kilivyo au kinavyofanyika, hatua kwa hatua. "Distinguish" inataka pande mbili katika sentensi moja, si orodha mbili zisizojuana. Na "account for", inayowatesa kuliko zote, inataka sababu. Wanafunzi wetu walikuwa wakieleza kitu kwa uzuri mahali palipotakiwa sababu, wakapoteza alama zote bila kujua kosa ni nini. Tuliviandika vitenzi hivyo kwenye manila tukavibandika katika kila darasa, na kila mwalimu alipotumia kimojawapo alikigusa kwa kidole. Kazi hii haihitaji fedha wala semina. Inahitaji walimu wa shule moja waketi meza moja, jambo ambalo katika shule nyingi ni gumu kuliko fedha.

Jambo la pili lilikuwa kuvunja kimya, na hapa tuligusa pabaya. Nilianza kuwapa wanafunzi dakika chache kabla ya kila swali zito wazungumze wawili wawili, kwa lugha yoyote, kisha wapange jibu kwa Kiingereza, kisha mmoja asimame nalo. Darasa lilijaa kelele. Kengele ya hatari ikalia mahali pengine: kwenye lango la shule kulikuwa na kibao cha kuamuru Kiingereza siku zote isipokuwa siku ya Kiswahili, na viranja walikuwa na kile kipande cha mti tunachokiita monto, ambacho hupewa aliyesikika akisema lugha ya mama, naye humpa mwingine, mpaka jioni aliyebaki nacho aadhibiwe. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya adhabu ya namna hiyo katika shule za enzi ya ukoloni. Kwamba imeendelea kuishi miaka hii yote ni jambo la aibu kwetu walimu, nami sitalisema kwa upole. Monto haifundishi Kiingereza. Inafundisha kunyamaza, na kumchungulia mwenzako ili umkamate. Mtoto asiye na maneno ya Kiingereza, ukimnyang'anya na yale aliyo nayo, amebaki na nini?

Tuliwaeleza wazazi na uongozi wa shule kwa utulivu. Baba mmoja mzee alisimama akasema hakumleta mtoto shuleni aje aongee Kikipsigis, kwani hicho anacho nyumbani bure. Alikuwa na hoja, na hofu yake ninaiheshimu: karo ameilipa kwa majani, na anajua kazi huombwa kwa Kiingereza. Nilimjibu, "Mzee, Kiingereza ndiko tunakokwenda. Mtoto akikwama njiani, hiyo lugha yako ndiyo itakayomnyanyua." Hakusema ameridhika. Alisema ataangalia matokeo, na hilo lilinitosha.

Ugumu wa kweli ulitoka kwingine, kwa watoto wenyewe. Darasa letu lina wenyeji wa rizavu, yaani upande wa mashamba madogo, na watoto wa nyumba za kampuni, Wakisii, Wajaluo, Waluhya. Nchi yetu ya majani chai ilipata jeraha mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, wafanyakazi wa makabila mengine walipofukuzwa kwenye mashamba. Mimi mwenyewe nina jamaa ambao hawakurudi. Kwa hiyo Kikipsigis kikijaa darasani bila mpango, mtoto wa Kijaluo husikia mlango ukifungwa. Tuliweka kanuni moja: wawili wanaoketi pamoja huchagua lugha ambayo wote wawili wanaijua, na tuliwapanga kwa makusudi, mtoto wa rizavu na mtoto wa kampuni. Mara nyingi lugha hiyo ikawa Kiswahili. Wa kampuni alikuwa na Kiswahili chepesi na wa rizavu alikuwa na ujuzi wa shamba, na kila mmoja akamhitaji mwenziwe. Kiswahili cha wote kikapanda, na alama za Insha zikapanda nacho, ingawa hatukuwa tumelilenga somo hilo.

Matamshi nayo yanastahili neno, kwa sababu karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, ina alama 30 za stadi za kuzungumza, kati ya 60, na zote hujibiwa kwa maandishi. Mtahiniwa huulizwa, kwa mfano, maneno yanayotamkwa sawa au sauti inayotofautisha jozi ya maneno. Sasa, katika Kikipsigis, p na b hazitenganishi maana. Vivyo hivyo t na d, k na g. Ni konsonanti moja inayosikika hivi mwanzoni mwa neno na vile katikati ya irabu. Mtoto hasikii tofauti kwa sababu lugha yake haijawahi kumtaka aisikie, kama vile mtoto wa Kisii asivyoisikia upesi tofauti ya l na r. Kumcheka ni ukatili, na hucheka zaidi wale ambao lugha zao zina mapengo yao. Mimi huwapa kipande cha karatasi wakishike mbele ya midomo. Wakisema "pig" ipasavyo karatasi inaruka. Wakisema "big" inatulia. Kisha waweke vidole kooni wasikie mtikisiko. Dakika kumi za mchezo huo kila wiki, muhula mzima, na masikio hufunguka. Wasichana wawili wa Kapkatet walizoea kufanya mazoezi hayo njiani wakirudi nyumbani, wakitumia jani la chai badala ya karatasi.

Kuhusu kusahihisha, ninashikilia msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Insha ya mwanafunzi mchanga ikirudi nyekundu yote, hajifunzi chochote ila kuandika kidogo zaidi safari ijayo. Ninachagua aina moja ya kosa kwa wiki. Wiki hii ni viwakilishi, maana Kikipsigis na Kiswahili havitofautishi mwanamume na mwanamke hapo, na mama wa watu hugeuzwa mwanamume katika aya nzima. Wiki ijayo ni wakati uliopita. Mengine ninayaacha yapite, nikijua nitayarudia.

Furaha kubwa zaidi niliipata katika fasihi simulizi. Niliwatuma wakamwombe kogo, yaani nyanya, awasimulie hadithi ya Chemosit, lile zimwi la hadithi za Wakipsigis na Wanandi, kisha waje waisimulie darasani kwa Kiingereza. Watoto wa kampuni walileta mazimwi ya kwao. Aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa kwa Kiingereza alisimama akasimulia kwa dakika kadhaa, akitafuta maneno, akiomba msaada kwa wenzake, akiendelea, kwa sababu hadithi ilikuwa yake na alitaka ifike mwisho. Hali kama hiyo ilitokea pia tulipokuwa na riwaya ya Henry ole Kulet, "Blossoms of the Savannah", kama kitabu teule. Inasimulia ukeketaji katika jamii ya Wamaasai. Narok yao ni jirani wa Bomet, na suala hilo wasichana wangu hawakulijua kwa kusoma. Walibishana kwa Kiswahili kwa ukali ambao sikuwahi kuuona, mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia. Nikawaacha wamalize, kisha nikawaambia wauandike ubishi huo. Insha za siku hiyo zilikuwa na makosa mengi ya sarufi, na zilikuwa na hoja, ushahidi kutoka kitabuni na misimamo. Sarufi ninaweza kuifundisha. Hoja ni lazima mtu awe nayo.

Si wote waliofaulu. Kuna waliotuacha kidato cha pili, msimu wa majani mengi, na kuna waliofika kidato cha nne wakiwa bado wanasoma kwa kidole. Walihitaji msaada huu miaka minane mapema. Mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome, ulioingia shule za msingi za umma nchi nzima mwaka 2015, ulianza kutuletea watoto wanaosoma kwa wepesi zaidi, na tofauti niliiona waziwazi waliposhika vitabu vyao. Kufuata sauti za herufi walikuwa wameweza. Kufikiri kwa lugha ya kitabu bado ni kazi yetu ya sekondari, na itabaki kuwa yetu chini ya mtaala mpya wa Gredi ya 10 kama ilivyokuwa chini ya kidato cha kwanza, kwa sababu oksini itaendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Kila mwaka huja kwetu walimu wanafunzi, wengine kutoka Chuo Kikuu cha Kabianga, kufanya mazoezi ya kufundisha. Huja na maandalio ya vipindi yaliyoandikwa vizuri, na huniuliza waanzie sura gani. Ninawaomba wiki ya kwanza wasifundishe sura yoyote. Wakae nyuma ya darasa na daftari, wamchague mwanafunzi mmoja asiyesema, wamfuatilie katika masomo yote ya siku hiyo, wakiandika kila mara alipopewa nafasi ya kutamka sentensi nzima ya Kiingereza. Jioni watembee naye hadi kituo cha kununulia majani, wamsikilize akiongea na karani na akina mama kwenye foleni. Wakirudi kesho yake na zile kumbukumbu mbili, tunaketi pamoja na mwalimu wa Baiolojia na kuanza kupanga kipindi.